Njuga ya Gaju

Juzi niliingia duka moja la mapambo kule Kiyovu, hapa Kigali, nikimtafutia zawadi mwenzangu wa ofisini anayehama. Muuzaji alikuwa ametundika njuga mlangoni, njuga ya chuma ya kuvalishwa mbwa wa kuwinda, nyeusi, yenye mdomo mpana na ulimi mfupi, ilie kila mteja anapoingia. Nikapita, ikalia, ikanyamaza. Basi nikaganda pale pale, shingo nimeikaza, nasikiliza. Muuzaji akaniuliza kama kuna shida, nikamwambia hakuna. Uongo mtupu. Moyo ulikuwa unanienda mbio, na haukutulia mpaka mtu mwingine aliposukuma mlango na njuga ikalia tena. Msinicheke. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Tulikaa Gatsata, juu ya Nyabugogo, kwenye mtaa wa magereji, ambako hata chai ya asubuhi inanukia oili chafu. Baba alikuwa fundi wa magari. Sisi ni wa wale waliorudi Rwanda kutoka Karagwe, upande wa Tanzania, na tulirudi na vitu viwili vilivyowashangaza majirani: Kiswahili chetu cha nyumbani, na mapenzi ya Baba kwa mbwa. Huko Karagwe alikua akiwinda na wajomba zake, na hamu ile haikumtoka hata alipogeuka mtu wa mjini, kutwa nzima mgongo chini ya gari. Alipokwenda kuwasalimia ndugu, alirudi na kitoto cha mbwa ndani ya katoni ya sabuni, chini ya kiti cha basi. Alikuwa na rangi ya udongo mwekundu, kifua cheupe na masikio yaliyosimama. Tukamwita Gaju, jina wanalopewa ng'ombe wa rangi hiyo.

Mama alisema hataki kumwona jikoni, kwa hiyo Gaju akawa wa kwangu. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nilimpikia ugali na mchuzi wa indagara, dagaa wetu wa huku, nikamtoa kupe masikioni, na kila jioni nikamkagua katikati ya vidole kama ana mwiba. Baba alinifundisha kumfunua mdomo na kutazama ufizi, ambao kwa mbwa mzima ni wa waridi na una unyevu. Naona nilizidisha, maana nilikuwa namfunua mdomo asubuhi, mchana na jioni, na mara nyingine namwamsha usingizini kwa ajili hiyo tu. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu tumboni.

Sasa, Gaju alikuwa wa ile jamii ya mbwa wasiobweka. Aliguna, alipumua kwa nguvu, akikasirika sana alitoa mlio kama mlango unaotaka mafuta, basi. Ndiyo maana mbwa kama yeye huvalishwa njuga shingoni, kwa sababu akishaingia kwenye majani humwoni wala humsikii. Unamfuata kwa sikio. Njuga ikilia polepole, ananusa. Ikilia mfululizo, anafukuza. Ikinyamaza, amekamata, au kuna jambo. Ni hilo "au" lililokuwa linanitoa jasho. Watu wengine wakinyamaziwa na njuga wanafurahi, wanajua kitoweo kimepatikana. Mimi nilikuwa naanza kumwita.

Tuliwinda bondeni, kwenye mashamba ya miwa. Humo mna ndezi, panya mkubwa mnene anayekata miwa usiku kucha, na wenye mashamba walimwita Baba wenyewe siku za kuvuna. Wakataji wanaanzia pembeni, ndezi wanajibana katikati, na mistari ya mwisho ikianza kuanguka wanatoka mbio. Hapo ndipo Gaju alipofanya kazi yake. Tulitoka alfajiri, tukarudi jua halijakaza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Baba, na kidumu cha maji ya mbwa kilikuwa hakikosi mkononi mwake.

Njia ya kushukia bondeni ilipita mlangoni kwa Mukecuru Verediana. Mukecuru ndivyo tunavyowaita akina bibi kwa heshima. Aliishi peke yake kwenye kona ya mwisho, nyumba ya bati yenye ua uliofagiliwa vizuri. Nikipita bila mbwa aliniita mwana wanjye, mwanangu, akanipa hindi la kuchemsha na kuniuliza habari za shule. Nikipita na Gaju aliingia ndani, na tukasikia komeo likisukumwa. Baba alikuwa na desturi yake. Kabla hatujafika kona ile, alichuchumaa, akachuma majani, akaiziba njuga isilie, na tulipofika bondeni akayatoa. Nilidhani ni mambo ya uwindaji. Siku moja nilimwuliza kwa nini Mukecuru anatufungia mlango, maana iliniuma, Gaju hajamkosea mtu. Akanijibu kwamba kila mtu ana kinachomtisha, na nisiulizeulize.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katikati ya kiangazi. Jumamosi hiyo ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na hakuna anayekwenda kwenye shughuli zake mpaka kazi iishe. Tulifyeka, tukazibua mitaro, tukakaa kwenye mkutano ambao mzee mmoja aliurefusha kwa suala la takataka. Tulipoachiliwa jua lilikuwa juu ya vichwa. Mwenye shamba alikuwa ametuma mtu kwamba miwa ya mwisho inakatwa mchana ule na ndezi ni wengi. Mama alimwambia Baba aache, joto limezidi. Baba akasema ataingia na kutoka. Na kidumu? Mabomba yalikuwa yamekauka wiki nzima, maji yaliyobaki yalikuwa ya kupikia. Tukaondoka na chupa moja.

Tangu tunashuka nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo wangu. Mavumbi yalikuwa ya moto, yanapita kwenye kandambili. Gaju alikuwa anatembea kivulini kwangu, ulimi nje, na bado hajakimbia hata kidogo. Nikamwambia Baba, Gaju anahema sana. Akasema anahema kwa hamu.

Ndani ya miwa hakuna upepo. Ukiingiza mkono tu unahisi joto linakushika. Gaju akaingia, njuga ikaanza polepole, kisha ikachanganya, mfululizo, huku na huku, na wakataji wakawa wanapiga miluzi ya kumshangilia. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na chupa nimeikumbatia kifuani. Halafu njuga ikaharibika. Sijui niwaelezeje. Ililia mara moja, ikakaa, ikalia mara mbili, ikakaa, kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Kisha kimya.

Baba akasema, "Amemkamata."

Nikajua hapana. Niliingia kwenye miwa nikimwita, majani yananichana uso, nikamkuta amelala ubavu kwenye kijia, hana ndezi wala nini. Macho yalikuwa wazi na hayaniangalii. Nikamfunua mdomo. Ufizi ulikuwa mwekundu wa kutisha, mkavu, na mate yamekuwa mazito kama uji. Nilipomsimamisha alipepesuka akaanguka tena.

Baba alimbeba mabegani akapanda naye ule mlima mbio, mimi nyuma, nalia bila sauti kwa sababu pumzi za kulilia sikuwa nazo. Miguu ya Gaju ilikuwa inaning'inia, na njuga ikigonga kifua cha Baba, tak, tak, sauti isiyo na uhai ndani yake. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuiziba. Tulipofika kona ya Mukecuru Verediana, Baba akamlaza Gaju kwenye kivuli cha ukuta. Nikafungua chupa nimmwagie. Baba akanishika mkono.

"Usimmwagie, utamuua. Kitu kilichochemka hakimwagiwi maji ya baridi, kinapasuka. Mwache apoe mwenyewe kwanza."

Mnaelewa? Baba yangu alikuwa fundi. Ameona kwa macho yake injini zilizochemka njiani, dereva ana haraka, anamwaga maji, na chuma kinapasuka. Hilo alilijua kuliko alivyolijua jina lake, na watu walikuwa wanatoka mbali kumsikiliza. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, anampepea mbwa kwa shati lake kwa upole, na alikuwa anamuua. Nilikuwa mtoto. Kila nilichokijua kuhusu mbwa nilikijua kutoka kwake. Nilikaa pale na chupa ya maji mkononi, namtazama Gaju anavyokwisha, na tumbo lake linapanda na kushuka haraka haraka, halafu kidogo kidogo.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka nusu.

Mukecuru Verediana alikuwa amesimama kizingitini. Hakumtazama mbwa. Alimtazama Baba, na akasema kwa Kiswahili chake cha Kigali, polepole, kama anayeyachimba maneno, "Mtoto akichemka homa, unamuacha apoe mwenyewe? Hii iko na damu. Si gari."

Baba akaacha kupepea. Mukecuru akarudi ndani akatoka na dumu la njano, lile kubwa, la maji aliyoyapandisha asubuhi ile kutoka kwenye chemchemi ya mbali. Akasogea. Alikuwa amegeuzia uso pembeni, amefumba macho, shingo imekakamaa, na mikono inamtetemeka kiasi kwamba nusu ya maji ilimwagikia miguu yangu. Lakini alimwaga. Akatuambia tumwagie shingoni, tumboni, katikati ya mapaja, na tusiache kumpepea. Nikapaka maji kwa viganja, Baba akapepea kwa nguvu. Dumu likaisha, akaleta la pili. Maji ya kutumia wiki nzima yale, jamani, ya mwanamke anayeishi peke yake, katika mtaa uliokauka.

Sijui tulikaa muda gani. Najua nilikuwa nimeweka kidole kwenye ufizi wake sikiondoi. Kisha Gaju akatikisika mwili mzima, akalamba maji kwenye kiganja changu, akainua kichwa. Njuga ikalia. Mara moja tu, lakini ilikuwa ile sauti yake yenyewe.

Mukecuru aliposikia kwamba mbwa ameinuka karibu kiasi kile, aliliachia dumu likaanguka, akaingia ndani, komeo likasukumwa. Hata shukrani yetu hakuisubiri. Na mimi, niliyepaswa kumbusu miguu, nilinuna. Niliona ametufukuza.

Gaju alipona, ingawa Baba hakumwingiza tena kwenye miwa jua likiwa juu, umuganda au si umuganda. Kesho yake aliazima pikapu ya gereji, akaenda mbali kutafuta maji, akajaza madumu mawili ya Mukecuru na mengine mawili juu yake. Niliongozana naye na Gaju. Kabla ya kona Baba alisimamisha pikapu, akachuchumaa kama kawaida yake, akaiziba njuga. Mukecuru akapokea maji mlangoni, akashukuru. Halafu akainyooshea kidole shingo ya mbwa, kwa mbali.

"Hayo majani, uyatoe," akamwambia Baba. "Ikilia, najua ni ya kwenu."

Baba akayatoa. Tangu siku ile tulipita na njuga ikilia. Mlango uliendelea kufungwa, lakini komeo hatukulisikia tena.

Mukecuru Verediana alifariki nikiwa chuo. Tulipotoka mazishini nilimwuliza Mama, kwa mara ya kwanza, watoto wake wako wapi, kwa sababu hakukuwa na hata mmoja pale kaburini. Mama akawaacha watu watutangulie. Kisha akaniambia kwamba mwaka wa mauaji ya kimbari, Mukecuru alijificha kwenye miwa ile ile ya bondeni, mahali alipoweza kuuona ua wa nyumba yake. Mume wake na watoto wake walikuwa wamelala uani, wameuawa, na yeye hakuweza kutoka. Mbwa wa mtaani walikuja kimyakimya kwenye miili. Aliwaona kila siku wakija.

Nikakaa pembeni mwa barabara na nguo zangu za msiba. Nilikuwa nayaona yale macho yaliyofumbwa, na maji yanayomwagikia miguu yangu. Na nikaelewa kwamba miaka yote ile Baba, mtu mwema, alidhani anamstahi kwa kuiziba njuga, kumbe alikuwa anampitishia mlangoni kitu kile kile alichokiogopa kuliko vyote, mbwa anayekuja kimyakimya. Mbwa mwenye njuga ana mtu wake. Ana mtoto anayemkagua ufizi na kumtoa kupe, anayesimama ukingoni mwa miwa akisikiliza.

Njuga ile ya Kiyovu niliinunua. Muuzaji alitaka kuifunga kwa karatasi nyingi isipige kelele njiani. Nikamwambia aiache hivyo hivyo, na nilitembea nayo mpaka nyumbani ikilia.