Maziwa ya Wayua na Panya Waliokataa Kufa

Wayua Muasya anausukuma mlango kwa bega, maana mikono yote miwili imekumbatia gunia la maranda ya seremala. Kabla hajalitua, anasalimia.

"Mmeamkaje?"

Haitikii mtu. Vizimba vimepangwa ukutani kutoka sakafuni hadi juu, na ndani yake panya weupe wenye macho mekundu wanainua pua, wanamnusa, wanajua ni yeye.

"Hawa wangu hawana adabu ya kuitikia," ananiambia, "lakini nikichelewa wananuna."

Ni saa moja asubuhi katika maabara moja ya kutafuta dawa, eneo la viwanda, Nairobi. Nje, umati wa vibarua unapita kwa miguu kuelekea malangoni. Ndani, Wayua anatandika maranda mapya, anaosha chupa za maji, na kumkagua kila panya uso, masikio na mkia, kama mama anayekagua watoto kabla ya kwenda kanisani.

Kazi hii aliianza mwaka ule wa njaa ya mahindi ya njano. Kabla ya hapo alikuwa akiuza githeri, mahindi na maharage ya kuchemsha, nje ya kiwanda cha sabuni. Mumewe ni mchongaji wa vinyago, na vinyago, kama Wayua anavyosema, haviliki. Watalii wakipungua, chumba chao cha mabati huko Mukuru kwa Njenga hulipiwa na panya.

Na Mukuru ina panya wake, wale weusi, wakubwa, wasiojua hofu. Kila nyumba ina paka isipokuwa ya Wayua, kwa sababu harufu ya paka ikimfuata kazini kwenye nguo, panya weupe hukataa kula. Kwa hiyo usiku anafukuza panya kwa kiatu, na asubuhi anaenda kuwatandikia wengine kitanda. Mtaa umempa jina: Mathe Panya, yaani Mama Panya.

"Hawa wa kwetu wakisikia kuna mahali wenzao wanahudumiwa hivyo, watahama wote," anasema jirani yake, Nakhumicha, ambaye bado humwita kwa jina la mwanawe, huku akicheka. "Mama Kiilu, hebu waambie basi. Tupumzike."

Panya wa maabara hawahudumiwi bure. Katika chumba cha pili kuna rafu za vichupa vidogo, kila kimoja kama kidole, mamia kwa mamia, vyenye unga wa kemikali kutoka ng'ambo. Mwingine ulitengenezwa kutia nguo rangi, mwingine kuua wadudu wa mimea, na mwingine haijulikani ulikusudiwa nini. Watafiti wanaujaribu mmoja baada ya mwingine kwa panya walioambukizwa malaria ya panya, ambayo haimshiki binadamu. Unga ukishindwa, panya hufa, na kichupa kinachofuata hushushwa. Ni kama kusimama mbele ya mlango mmoja na gunia la funguo za mji mzima.

Mlango wenyewe lazima ufunguke. Dawa ya malaria iliyozoeleka, ile inayomwasha mtu mwili mzima hadi ajikune mbele ya wakwe, imeanza kushindwa. Mama yake Wayua, huko Kibwezi, hulazwa na homa kila masika.

Saa nne inapogonga, wafanyakazi wanakutana kwa chai. Ni ya rangi. Hakuna tone la maziwa, na karani wa maabara, Bwana Obura, anaikoroga kwa uchungu kama aliyefiwa.

"Muulize huyu mama," anasema, akimwelekezea kijiko Wayua. "Yeye ndiye aliyetuachisha ziwa uzeeni."

Wayua anainamia kikombe chake, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Ilikuwa mwaka juzi. Kichupa namba mia nne kumi na saba kilishushwa, na unga wake ukapewa panya wa kizimba kimoja. Wengine wote walikuwa wagonjwa, lakini hawa wa mia nne kumi na saba waliumiza macho ya mtazamaji: manyoya yamesimama, migongo imepinda, wamejikunyata pembeni, na chakula chao, vile vidonge vigumu kama kokoto, hawakigusi.

Sasa, Wayua amelelewa Ukambani, na kwao mgonjwa haendewi mikono mitupu. Unambebea maziwa na mkate. Mkate aliona ni kuzidisha. Alinunua pakiti ya maziwa, ile ya pembe tatu, akavitoa vile vidonge vigumu, akawamiminia kwenye kisahani.

"Wewe ukiwa na homa unaweza kutafuna mahindi makavu?" anauliza. "Basi. Na pakiti ni moja, haikutosha vizimba vyote. Nikawapa walioonekana kuzidiwa."

Akawapa siku ile, na zilizofuata, maziwa matupu. Hakumwambia mtu, si kwa kuficha, bali kwa sababu nani hutangaza kwamba amemtazama mgonjwa?

Katika vizimba vingine vyote panya walikufa. Wa mia nne kumi na saba wakaamka, wakajilamba manyoya, wakaanza kupigana.

Mkuu wa utafiti, Daktari Amolo, si mtu wa kelele. Siku ile, Obura anasimulia, alimshika mkono bawabu akamzungusha kama wako harusini. Jaribio likarudiwa mara moja. Bahati mbaya Wayua alikuwa amekwenda Kibwezi kumuuguza mama yake, na panya wakafa wote. Aliporudi likarudiwa tena, na panya wakapona.

Maabara nzima ilikuna kichwa. Unga ulikuwa ule ule, na vipimo vile vile. Obura ndiye aliyesema wazi kilichokuwa mioyoni: dawa hii inafanya kazi Wayua akiwepo. Akapendekeza mama huyu asagwe, atiwe kwenye vidonge, agawiwe zahanati zote. Mfagiaji mmoja akaanza kumwomba amwombee.

Wayua hakucheka. Alihisi macho ya watu mgongoni, na alijua panapotokea jambo lisiloeleweka, wa kwanza kufukuzwa ni wa chini.

Alasiri moja Daktari Amolo alibeba kigoda, akaketi katika chumba cha panya, akaanza kutazama. Wayua akatandika maranda. Akaosha chupa zilizokwisha kuoshwa. Alingoja daktari atoke na daktari alingoja asichokijua. Saa ya maziwa ikafika, ikapita, na panya wakaanza kukwaruza kisahani kitupu.

"Nikajiambia, kazi nitapata nyingine," Wayua anasema. "Lakini hawa wana njaa sasa hivi."

Akachomoa pakiti kwenye kikapu, akaing'ata pembe mbele ya mkubwa wake, akamimina.

Daktari Amolo alikiinamia kisahani. Kisha akauliza, polepole, "Mama, haya umewapa tangu lini?"

"Tangu walipougua, Daktari. Ungewaacha hivyo?"

Daktari mwenyewe, alipoulizwa na gazeti hili, alikiri kwamba jambo lile alilisoma chuoni: watafiti wa ng'ambo waligundua zamani kwamba panya akinywa maziwa matupu, vijidudu vya malaria hukosa kitu vinachokihitaji, na kushindwa kuzaana. "Nililisoma na nikalijibu kwenye mtihani," anasema. "Sikuwaza kwamba huku viwandani kuna mtu atakayeenda kuwatazama panya wagonjwa na pakiti ya maziwa."

Mia nne kumi na saba ikapelekwa kwenye rafu ya zilizoshindwa. Ilikuwa sumu kidogo iliyowazidishia panya ugonjwa, si dawa; yaliyowaponya ni maziwa. Miezi ya kazi ilimwagika, na Wayua akakaa kwenye benchi la nje akingoja barua ya kuachishwa. Aliyetoka ni daktari, bila barua. Alimwambia kwamba mtu anayeweza kuwaonea huruma panya hawezi kuwaacha wakae kwenye uchafu, na mtu wa namna hiyo hapatikani kwa tangazo. Lakini tangu siku ile hakuna tone la maziwa linalovuka lango, hata la chai, mpaka upatikane unga unaoponya kweli.

Mukuru habari ilifika ikiwa imegeuzwa. Nakhumicha alikuja mbio kuuliza kama malaria sasa inatibiwa kwa maziwa, na Wayua akamjibu kwamba binadamu hula ugali na sukuma wiki, yeye si panya wa maziwa matupu, na mwenye homa aende zahanati.

Obura bado hajasamehe. "Naota malai ya maziwa," anasema.

Juu ya kabati la stoo kuna sufuria mpya, kubwa ya kupikia harusi, imefunikwa gazeti. Wayua aliinunua mwenyewe. Anasema siku unga mmoja ukijibu atampelekea mama yake habari Kibwezi, lakini kwanza atapika chai hapa, maziwa bila maji, na Bwana Obura atakunywa mpaka anyamaze.

Kabla ya kuniaga anasimama mbele ya kizimba cha safu ya tatu, kilichopewa unga mpya wiki hii. Anachungulia chini. Vidonge vigumu vimekwisha vyote.

"Hawa wamekula," anasema, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa. "Tena wamekula makavu."

Anachukua kitambaa, anaenda stoo, na kuifuta sufuria vumbi.