Kuandika Jina la Mamba

Nesi wa Kibiti aliponipa daftari, jambo la kwanza nililojiuliza ni nani atakuja kulisoma. Nilikuwa nimemweleza kwamba tangu mtumbwi wetu upinduke, nikikaribia mto moyo unakwenda mbio, mikono inakufa ganzi, narudi nyumbani. Msimu mzima uliopita mama alibaki peke yake ng'ambo, dunguni, kwenye kibanda cha juu ya nguzo tunakohamia mpunga ukitoa masuke, akifukuza ndege na miguu yake ile inayovimba. Sasa alikuwa ametuma salamu: mwaka huu hawezi peke yake. Nisipovuka, mpunga ni wa ndege.

"Hakuna sindano, dada," nesi alisema. "Andika wazo linalokujia ukingoni. Kisha andika ushahidi wake, na ushahidi wa kulipinga. Halafu sogea kidogo, uone kama litatimia."

Sikuamini. Dawa gani haina hata kidonge? Lakini nisimwonee: alinisikiliza mpaka mwisho na hakucheka.

Wiki ya kwanza nilimdanganya. Kwetu mamba hatajwi karibu na maji. Mama husema "mwenye mto", na kumwandika niliona ni kumwita. Nikaandika: naogopa jua.

Nesi akasoma. "Jua ndilo linakurudisha nyumbani mbio?"

"Ni kali."

"Dada, tutalitibu jua mpaka lini?"

Nikaandika upya: mtumbwi utapinduka, mamba atanikamata. Ushahidi: ulishapinduka. Mbuzi wa jirani alichukuliwa. Nilidhani ataniambia nifute; akasema ni kweli, yabaki. Upande wa pili nikaandika kwamba mama huvuka kila msimu. Na kwamba siku ile tulikuwa watu sita na magunia, mtumbwi umezidiwa. Hilo sikuwahi kulifikiria, na nilishuku kama nesi ndiye aliyenitia kichwani. Hapana. Niliandika mwenyewe.

Nikaanza kwa kusimama tu ukingoni. Halafu nikakaa ndani ya mtumbwi uliofungwa, siku tatu, watu wakinitazama. Siku ya kuvuka, mvushaji akaliona daftari.

"Shangazi, wosia huo? Usinisahau basi!"

"Nitakuachia daftari. Piga kasia."

Katikati ya mto moyo ulidunda hadi nikadhani anausikia. Nesi alisema utatulia wenyewe. Haukutulia upesi, ulitulia tulipofika kwenye matete ya ng'ambo, na ndivyo nilivyoandika. Nikaongeza: mamba hakuonekana, lakini hiyo si kusema hayumo.

Kama ni daftari lililonivusha au dua za mama, mpaka leo siwezi kuapa.

Mama alikuwa kwenye ngazi ya dungu, miguu imejaa.

"Umeletwa na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

Akanipa kombeo. "Haya, panda. Upande wa kule ndege washaanza kula."