Chokaa ya Uwanjani, Kilima cha Akheri

Kocha wetu alirudi kutoka kozi ya wiki tatu ng'ambo akiwa na baiskeli mbili zisizo na breki na neno moja jipya, "wenzetu". Wenzetu hawafanyi mazoezi hivi. Wenzetu hawanywi chai ya maziwa kabla ya kupanda mlima. Hatukuwahi kuelezwa hao wenzetu ni akina nani wala tulianza lini kuwa wenzao, lakini kwa miezi iliyofuata niliwafahamu kuliko majirani zangu wa Akheri.

Mimi nilikuwa mwendesha baiskeli wa barabarani. Kwa tafsiri ya nyumbani kwetu, huyo ni mtu mzima wa miaka ishirini na minane anayetoka alfajiri na kaptula ya kubana, anateremka Tengeru, anakwenda hadi Maji ya Chai, halafu anarudi bila kununua kitu. Mama aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, kama huko ninakokwenda hakuna hata vitunguu. Baba ni mzee wa kanisa mwenye kahawa na migomba, na hapendi jambo lisilo na mavuno. Alikuwa ameshanikatia shauri. Mkoa wetu ulikuwa na nafasi moja ya mwanamke kwenda kambi ya timu ya taifa. Nikiipata, ningeendelea. Nikiikosa, baiskeli ingeuzwa kabla kahawa haijaiva, nami ningeshika shamba la juu kama binti mwenye akili. Aliyasema hayo mezani, mara baada ya kuombea chakula, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kujibu.

Mwingine aliyeitaka nafasi hiyo alikuwa dada mmoja wa Kimandolu, mfanyakazi wa benki, Mchaga aliyezaliwa mjini. Wachaga wanasifika kuwa watu wa mlimani, lakini huyu mlima aliujua wa Desemba tu, wa kwenda kwao Krismasi, tena akiwa ndani ya gari. Kwenye lami tambarare alikuwa hashikiki. Kwenye kilima alishuka na kusukuma, akitabasamu vilevile kama yuko dirishani anahudumia wateja. Mimi nilikuwa kinyume chake. Nipe kilima, nitakupotea. Nipe mita mia mbili za mwisho zilizonyooka, utaniona nikiusindikiza mgongo wa mtu mwingine.

"Kila mmoja wenu ni nusu ya mwendesha baiskeli," kocha alituambia siku moja, mbele ya watu. "Nikiwashona pamoja napata mmoja."

Kwa kuwa kushona hakukuwezekana, akatupeleka uwanjani.

Wenzetu wana uwanja wa mbao uliofunikwa paa, ambao pembeni umeinuka kama beseni ili baiskeli isitupwe nje kwenye kona. Sisi tulipata uwanja wa mpira wa shule ya msingi, upande wa chini wa Akheri. Huu nao uliinuka pembeni, ila upande mmoja tu, na upande usiofaa. Mbuzi walikuwa wameshauzoea na hawakuona sababu ya kuhama. Kocha alimwaga chokaa akachora njia ya duara refu kuyazunguka magoli yote mawili. Mvua ikaifuta. Akachora tena, safari hii duara likatoka na tumbo, kwa hiyo kwa wiki nzima tulifanya mazoezi ya kiwango cha kimataifa kwa kuzunguka umbo la parachichi.

Baiskeli zenyewe hazikuwa na gia wala breki, na pedali zake hazikujua kupumzika. Maadamu gurudumu linazunguka, pedali zinazunguka, na miguu yako inazunguka nazo, utake usitake.

"Kocha, nikitaka kusimama?" niliuliza.

"Husimami."

"Nikichoka je?"

"Unachoka huku unazunguka."

Mtu wa barabarani ana starehe moja ambayo haijui mpaka anyang'anywe. Kila baada ya muda huacha kukanyaga, akaiacha baiskeli iende yenyewe huku akipumua na kuangalia migomba ya watu. Siku ya kwanza uwanjani nilifika kona ya goli la chini, nikaacha kukanyaga. Baiskeli haikuacha. Pedali zilininyanyua kwenye kiti zikanitupa kwenye majani ya ng'ombe ya mlinzi wa shule. Darasa la tano, waliokuwa nje kwa kipindi cha michezo, walinipigia makofi. Mwalimu wao aliwakemea wanyamaze, kisha akageuka ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Nilianguka mara nne wiki ile. Yule dada wa benki hakuanguka hata mara moja. Alizunguka duara la chokaa kana kwamba amezaliwa humo, akiwapita mbuzi kwa upande wanaoutaka wao. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Kisha akaja kukaa nami kwenye majani, akanionyesha jinsi ya kumfuata kwa karibu nyuma ya gurudumu lake ili upepo umpige yeye, na wakati gani wa kuchomoka.

"Usiniangalie mimi," alisema. "Angalia mbele yangu. Ukiniangalia mimi, utakaa nyuma yangu maisha yako yote."

Jumamosi zamu yangu ikafika. Kocha alituamuru tupande pamoja kutoka Tengeru hadi Akheri, mimi mbele, yeye nyuma. Nilimfundisha kubadili gia kabla ya kilima badala ya katikati ya kilima. Nilimfundisha kukaa kitini na kupumua kwa utaratibu, na kutotazama juu kabisa, kwa sababu juu hakusogei kwa kutazamwa. Kwanza aliishia kwenye duka la mbolea. Baadaye akafika kisimani. Mwezi wa tatu wa mazoezi alifika juu nyuma yangu, uso umelowa jasho, na hakusukuma hata hatua moja. Nilifurahi kweli, nikampigia makofi. Ndiyo ujinga wangu huo: nikifundisha, nafundisha vizuri, hata kama ninayemfundisha anakuja kuninyang'anya mkate.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba kocha alikuwa sahihi. Ningependa kuandika kuwa chokaa yake ilikuwa upuuzi, maana ningeifurahia sana sentensi hiyo, lakini miguu yangu ilinisaliti. Zamani nilikuwa naponda pedali kama mtu anayetwanga mahindi kwenye kinu, juu chini, juu chini. Baada ya miezi ya kuzunguka na mbuzi, miguu ilianza kwenda mviringo, bila kishindo, na kilima kilekile kikawa kifupi. Yule dada naye alisema kile kilima kilimpa pumzi, hivi kwamba mizunguko kumi ya mwisho uwanjani, iliyokuwa ikimwua, sasa aliimaliza akiwa anaongea. Kocha akaandika kwenye ubao wa darasa la saba, bila kuomba ruhusa: barabara inatoa pumzi, uwanja unatoa miguu. Walimu waliuacha ubao hivyo kwa siku mbili wakidhani ni mada ya sayansi.

Mashindano ya kuchagua mtu wa kambini yalipangwa Jumamosi. Tungeanzia Kimandolu, twende hadi Maji ya Chai, tugeuze, turudi Tengeru, kisha tupinde kulia kupanda mlima na kumaliza kwenye kiwanja cha kanisa Akheri. Niliposikia kuwa mwisho ni Akheri nilijizuia kucheka. Wangenichagulia wapi pengine? Kila kona ya kilima kile naijua, kila shimo, kila mbwa. Baba mwenyewe aliposikia alisema atakuja kuangalia, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mama aliwaambia kwaya. Kwaya iliwaambia watu wote waliobaki.

Tulikuwa wanawake tisa. Hadi Maji ya Chai na kurudi nilijificha nyuma ya gurudumu la yule dada kama alivyonifundisha, nikiangalia mbele yake. Wengine waliachwa mmoja mmoja. Tulipopinda Tengeru kuanza kupanda tulikuwa wawili, na kufika kwenye duka la mbolea nilikuwa nimemwacha hatua za kutosha. Nilimsikia akihema nyuma yangu, kwa utaratibu niliomfundisha mimi mwenyewe.

Kuanzia hapo barabara ikawa na watu wangu. Sikuwa nimefikiria jambo hili. Nilikuwa nimefikiria gia, maji, upepo na mbwa, lakini sikuwa nimefikiria kwamba mtu akishindana mlimani kwao, kandokando ya njia watasimama wakubwa wake wote. Na kwetu humpiti mkubwa wako ukiwa juu ya baiskeli kana kwamba umempita mgomba. Nikaanza kutoa "shikamooni" moja kwa kila kundi ili kuokoa pumzi. Shikamooni, kwa akina mama wa kwaya. Shikamooni, kwa wazee wa baraza. Kila salamu ilinila pumzi moja, na kilima hakikunirudishia. Yule dada wa Kimandolu hakuwa na mtu wa kumsalimu. Alipanda tu.

Kwenye kona iliyo kali kuliko zote, iliyobakiza kidogo tu kabla ya tambarare ya kanisani, alisimama bibi yangu, mama yake baba.

Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili na ameshika fimbo, na alisimama peke yake ukingoni kabisa mwa barabara. Kutoka kwake hadi pale ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu yake, na alikuwa ameutembea kwa sababu aliambiwa mjukuu wake atapita. Mtu mwingine unaweza kumsalimu ukiwa juu ya baiskeli. Bibi, unashuka. Nilichapwa kwa kosa hilo mara moja tu, nikiwa na miaka saba, na sikuhitaji kuchapwa tena. Kichwa changu kilisema pita. Kocha, chokaa, mbuzi na miezi yote ile ya kutoacha kukanyaga vilisema pita. Miguu yangu, ambayo ilikuwa imefundishwa kutosimama kwa gharama ya ngozi ya magoti yote mawili, ikasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanijibu kwa Kimeru, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Na yule ng'ombe, ameshazaa?"

"Ameshazaa. Jike. Bibi, naomba niende."

"Umekunywa chai lakini?"

Yule dada alipita. Ni mtu mwenye adabu, kwa hiyo alisema "shikamoo bibi" katikati ya kuhema, bila kugeuka. Bibi akaniachia mkono mmoja ili amwitikie.

Kuondoka umesimama kwenye mwinuko ule si jambo la mchezo, lakini uwanjani kocha alikuwa ametufundisha kuanza kutoka kusimama mara mia na zaidi. Niliondoka. Nilimfikia kwenye tambarare ya mwisho, nikatoka nyuma yake wakati uleule alioniambia ni wa kutoka, na kwa mara ya kwanza maishani miguu yangu ilizunguka kwa kasi kuliko yake kwenye njia iliyonyooka. Zingebaki hatua kumi zaidi, ningempita. Hazikubaki. Alinitangulia kwa upana wa tairi.

Alinikumbatia akilia. Alisema, "Dada, ningejua umesimama kwa salamu tu, si kwa kuchoka, ningekusubiri."

"Ungenisubiri kweli?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," akasema.

Kocha alisema nilikuwa na miguu ya kuwashinda wote wawili, yule dada na bibi yangu, kisha akaenda kukaa ndani ya gari. Baba alibaki kiwanjani akipewa mikono. Kila mzee aliyepita alimwambia amelea. Jumapili jambo lile likatajwa hadi kanisani, kama mfano kwa vijana, na nikaombwa nisimame nionekane. Nilisimama, maana kusimama ndicho kitu nilichokuwa nimekijua vizuri. Baba alinitazama kwa macho ambayo nilikuwa nimeyatafuta tangu utotoni, na Jumatano akaiuza baiskeli. Sikubishana naye. Aliyeinunua ni mfanyabiashara wa maziwa wa Maji ya Chai, mtu mwema, aliyeniomba nimwonyeshe matumizi ya gia, nami nikamwonyesha.

Watu huniuliza kama ningesimama tena, wakiwa wameshaliandaa tabasamu. Huwa nasema ndiyo, kwa sababu ndilo jibu walilolifuata. Nisingesimama. Ningempita bibi nikiangalia mbele, halafu jioni ningekwenda kwake kupiga magoti, na angenisamehe kabla magoti hayajagusa chini. Hilo nililijua hata pale konani, akiwa bado amenishika mkono.

Shamba la juu ninalolishika sasa linapakana na nyumba yake, kwa hiyo asubuhi nampelekea uji. Juzi aliniuliza kuhusu yule binti aliyepita akihema siku ile, alikuwa anakimbilia wapi. Nikamweleza habari za kambi, na ndege, na nchi ambazo yule dada ameshakwenda kushindana. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akafurahi kwa ajili yake.

"Na wewe," akasema, "mbona hukwenda naye?"

Nikamwambia anywe uji usipoe.