Walikuja Kumposa Lamiya wa Kwenye Blogu Yangu

Ijumaa moja baada ya swala, gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba yetu hapa Bogura, Bangladesh. Wakashuka watu wanne na masanduku ya peremende. Wamekuja kumposa mdogo wangu wa kike.

Mimi sina mdogo wa kike.

Nina dada mmoja tu, Mahfuza, na ni mkubwa kwangu. Tulia nikusimulie jinsi kimbembe kilivyonikuta.

Naitwa Rezwan. Shahada ninayo, kazi sina. Baba alishafariki, nyumba inakwenda kwa mshahara wa dada anayefundisha shule ya msingi. Kila asubuhi yeye anatoka na mkoba wake, mimi na mama tunabaki kutazamana. Usiombe yakukute.

Aliyenitia moyo ni rafiki yangu Palash, mwenye duka la kompyuta.

"Fungua blogu," akaniambia. "Ila usiandike kila kitu kama gazeti. Chagua kitu kimoja kidogo ambacho watu wanakihangaikia, ung'ang'anie hichohicho. Wasomaji wakija, matangazo yanakuja, na hela inafuata."

"Kitu gani sasa?"

"Nyie kwenu mnahangaika na nini?"

Nikacheka kwa uchungu. Kwetu tulikuwa tunahangaika na jambo moja tu: kumwoza dada.

Huku binti haposwi hivihivi. Kwanza unatangulia wasifu wake wa ndoa, ukurasa mmoja wenye umri, kimo, rangi, elimu, kazi ya baba, na wajomba. Wajomba hasa! Baba mtu anaweza kujisifia, lakini watu wakitaka ukweli wanakwenda kumchunguza mjomba.

Wasifu wa dada nimeuandika mara nyingi kuliko barua za kuomba kazi. Washenga wanaubeba, washenga wanaurudisha. Mara rangi yake, mara umri. "Binti ni mzuri, ila..." Hiyo "ila" ndiyo imekula ujana wa dada yangu.

Basi nikafungua blogu ya kufundisha watu kuandika wasifu wa ndoa.

Mwanzoni msomaji nilikuwa mimi peke yangu. Palash akasema, "Watu hawataki mahubiri, wanataka mfano wa kunakili. Waandikie binti mmoja."

Nikamwandika. Nikamwita Lamiya.

Lakini mimi ninajua wanawake wangapi? Nikachukua ya dada. Ana shahada mbili za fasihi ya Kibangla. Anadarizi makanta, yale mashuka mazito ya kujifunika, mpaka majirani wanayagombania. Akipika payesh, ule wali mtamu wa maziwa, huachi kitu chunguni. Haongei sana, ila akiongea anasema kweli.

Halafu nikaandika: umri, miaka ishirini na miwili. Rangi, mweupe.

Ningeandika ukweli nani angesoma?

Juu kabisa niliweka kwa herufi ndogo kwamba huu ni mfano tu. Wasomaji wakaanza kunishambulia kwenye maoni. "Wajomba wako wapi?" "Binti hana wajomba, kaokotwa jalalani?" Mmoja akaniambia mwalimu gani mimi, hata wasifu wenyewe siujui.

Nikaona isiwe tabu. Nikamweka mjomba wetu Motaleb, mwenye duka la dawa kule Sherpur. Jina lake, duka lake, kila kitu. Mfano bila mjomba wa kweli hauna ladha.

Jamani, blogu ikalipuka! Watu wakaunakili ule ukurasa wakautupia kwenye makundi yote ya wanaotafuta wachumba. Yale maneno yangu ya "mfano tu" yakabaki kwangu. Hela ya kwanza ilipoingia nikamnunulia mama dawa za mwezi mzima, nikajiona mwanaume.

Kumbe.

Siku moja mjomba Motaleb akampigia mama simu, furaha imemjaa mpaka anakohoa.

"Dada, wamekuja dukani watu wa Natore. Kijana ni bwana shamba wa serikali. Wakaniuliza, dada yako ana binti wa kuoza? Nikawaambia anaye, tena lulu. Ijumaa wanakuja kwako. Pikeni!"

Mama akauliza kwa woga, "Umewaambia habari ya rangi?"

"Wamesema wameshasoma wasifu, na wameridhika na kila kitu."

Mama akakaa chini akalia. Mimi nikadhani ni mshenga fulani tu kafanikiwa. Dada alikuwa anasahihisha madaftari. Akainua kichwa.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mwanangu."

Dada yangu hajui kushangilia. Ila jioni ile alikwenda mwenyewe sokoni akanunua sari ya kijani, na usiku nikamsikia anaimba chumbani. Sikuwahi kumsikia akiimba tangu baba azikwe.

Basi Ijumaa ikafika, na lile gari jeupe. Bwana shamba anaitwa Ashfaq, mpole, macho chini. Mama yake mnene, mcheshi, kaja na shangazi na kaka mtu. Mjomba Motaleb kavaa kanzu mpya kama anaoa yeye.

Dada akaingia na sinia la chai, ushungi umefunika nywele. Akasalimia, akaweka sinia mezani.

Mama wa Ashfaq akamtazama. Kisha akatazama mlango nyuma yake, kama anayesubiri mtu mwingine aingie.

"Maashallah. Huyu ndiye dada mkubwa? Na Lamiya yuko wapi?"

Katika sisi wenyeji ni mimi peke yangu niliyemjua Lamiya.

"Lamiya ndiye nani?" mjomba akauliza.

Nikasimama. Nikawaeleza yote, blogu, mfano, Palash, matangazo. Nilijikanyaga, jasho linanitoka, lakini nilisema yote.

Mama wa Ashfaq akacheka kwa upole.

"Baba, usihangaike. Hata kwetu ni hivyohivyo, mkubwa kwanza. Mimi mwenyewe mama yangu alinificha mpaka dada yangu alipoolewa. Mkimtoa mdogo, mkubwa ataozea ndani. Tunaelewa."

"Hayupo, mama! Wallahi nimemtunga!"

"Na mjomba Motaleb umemtunga?" Akamwonyesha mjomba kwa kidole. "Si huyu hapa, na duka lake tumelikuta?"

Wageni wote wakacheka. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kuamini kwamba tunamficha.

Kisha yule mama akasogeza kiti karibu na mama yangu.

"Tusaidiane, dada yangu. Mume wangu ana binamu, mfanyabiashara wa mchele, mkewe alifariki. Umri umesogea, lakini ni mtu wa heshima. Hatajali rangi. Huyu mkubwa tumpe yeye, njia ifunguke, nasi tumchukue Lamiya."

Nikamtazama mama. Nilingoja aseme ukweli, awafukuze, afanye lolote.

Mama akasema taratibu, "Huyo binamu ana watoto wangapi?"

Sijawahi kumchukia mama yangu, na siku ile sikumchukia. Nilimwonea huruma mpaka nikaona aibu. Alikuwa tayari kuuza binti ambaye hayupo ili aliyepo apate mume.

Dada alikuwa bado amesimama pale mezani. Akaniambia, "Rezwan, nipe simu yako."

Nikampa. Akaifungua blogu, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani.

"Ana shahada mbili za fasihi. Hizo ni zangu, vyeti viko kabatini. Anadarizi. Huo mto ulioegemea, mama, nimeudarizi mimi. Payesh mtakula sasa hivi. Haongei sana, ila akiongea anasema kweli." Akanirudishia simu. "Kaka yangu amenipunguza miaka tisa na kunipaka weupe. Mengine yote mliyoyafuata kutoka Natore, yako hapa mbele yenu."

Mama wa Ashfaq akautoa ule mto mgongoni, akautazama.

Hapo ndipo walipoamini. Nami niliyekuwa naomba waniamini, nikatamani wasingeamini.

Ashfaq akainua macho kwa mara ya kwanza. Akamtazama dada, akafungua mdomo, nikasema moyoni, sema, ndugu yangu, sema chochote. Mama yake akamgusa goti. Akaufunga.

Payesh hawakula. Peremende waliziacha, kwa sababu kuzirudisha ni aibu.

Wiki ile nikaufuta ule ukurasa. Kazi bure, umeshanakiliwa kila mahali. Mpaka leo Lamiya anapata posa, mara daktari, mara mhandisi. Dada anaamka, anabeba mkoba wake, anakwenda shule.

Halafu siku moja ikaingia barua pepe kwenye blogu. Nikaona jina: Ashfaq wa Natore. Nikamwita dada, tukaifungua pamoja.

"Kaka Rezwan, samahani kwa yaliyotokea. Sisi bado tunatafuta mchumba. Nimeona unaandika vizuri sana. Naomba uniandikie na mimi wasifu wangu, nitakulipa."

Dada akaisoma mara mbili. Halafu akaanza kucheka, na kicheko kile kikanitoa machozi mimi badala yake.

"Mwandikie," akasema, akichukua madaftari yake. "Mwongezee na urefu kidogo."

Ndugu msomaji, ukitafuta hela mtandaoni, andika habari za kuku, andika habari za simu. Mtu wa nyumbani kwako usimfanye mfano. Watu watampenda mfano, na wewe ndiye utakayebaki ukimtazama mtu mwenyewe.