Nyuso Sita Kwenye Kamba

Kwenye karakana yetu ya kuchapa fulana, juu ya paa la ghorofa moja nyuma ya soko la Kariakoo, uso mkubwa wa wino mweusi bila maneno yoyote ulikuwa wa marehemu. Mgombea huwekewa jina na kaulimbiu, bibi harusi huwekewa makopa. Marehemu hubaki na uso wake tu mpaka ndugu wakubaliane cha kuandika chini. Nilifanya kazi hiyo miaka mitatu, na bado siku moja nikasahau.

Nilikuwa nimechapa picha sita za uso wangu mwenyewe, kila moja nikiigiza mtu: bondia, staa wa bongo fleva, mama mkwe mkorofi wa filamu, askari wa barabarani, mlokole, na yule mrembo anayekata kiuno kwenye video za watu. Nilitaka kuzipeleka kwenye maonyesho kule Posta. Na niseme ukweli, sifa za watu wa Posta sikuwa na haja nazo. Nilitaka Mama aje aone. Tangu niache chuo cha uuguzi nikaenda kunuka rangi, aliapa hatakanyaga ninapofanyia kazi, na simu zangu hakupokea hata moja. Nilichoka kuwa yatima ilhali mama yangu yuko hai pale Ilala.

Asubuhi ile nilichapa wino mweusi kwanza. Mweusi ulibeba uso peke yake. Mkanda wa bondia, miwani ya staa na kofia ya askari vingekuja na rangi nyingine kesho yake. Nikazianika fulana kwenye kamba, nikazima simu, nikabeba zile nilizokwisha kuchapa kwenye karatasi.

Kule Posta bwana anayechagua picha za maonyesho alizipitia harakaharaka, amesimama.

"Dada, zinachekesha. Ila sisi tunataka kitu cha msanii mwenyewe."

"Msanii ndiye mimi. Nimo humo mara sita."

"Basi karibu siku nyingine."

Nilirudi kwa miguu, nalia mchana kweupe. Nilijiona mjinga wa kutupwa.

Ngazini nikamkuta Mama. Hakuwa na viatu, kanga kaivaa nje ndani, ameshikiliwa na muuza chapati wa ng'ambo ya barabara, ambaye husali naye Ilala. Huyo ndiye aliyeuona uso wangu kwenye kamba, akanipigia hanipati, akampigia Mama. Nyumbani turubai la msiba lilikuwa limeshafungwa.

"Yesu wangu! Si huyu hapa!" muuza chapati akapiga yowe.

Mama hakupiga yowe. Alinizaba kibao, kisha akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Ningekubali anizabe tena na tena, mradi asiniachie.

Halafu akapanda juu, mahali alipoapa kutokanyaga, akasimama mbele ya kamba.

"Walitaka picha yako ya kuweka msibani," akasema. "Sikuwa nayo. Zote nilizichana siku ulipoacha chuo."

"Haina neno, Mama."

"Ina neno, mwanangu. Nilikuwa nazunguka chumbani natafuta sura yako, naikosa." Akanyoosha mkono. "Nipe moja. Lakini iwe wewe."

Nikaanua ya bondia.

"Huyu kanikunjia uso. Hukuwahi kunitazama hivi."

Nikaanua ya mlokole, nikidhani itampendeza. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Hapa unaigiza."

Ya staa, ya askari, ya mrembo. Kwa kila moja alitikisa kichwa, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Ya sita, ya mama mkwe, niliificha mgongoni kwa aibu, maana mle nilikuwa nimemwigiza yeye.

Kamba ikabaki tupu. Mama alikuwa bado amenyoosha mkono.