Breki za Nyuma na Ndoa ya Wazazi Wangu

Baba yangu ana pikapu iliyonizidi umri, na kwa maoni yake imenizidi akili pia. Nyumbani ni Nkoaranga, juu kabisa mlimani, na kutoka kwetu hadi kanisani ni mteremko mtupu. Kwa miaka mingi gari hilo lilishusha ndizi soko la Tengeru, na Jumapili likatushusha sisi. Kidogo kidogo springi za nyuma zikachoka, gari likawa linatembea limekaa chini kama kuku anayetaka kutaga. Breki za nyuma nazo zikaacha kazi bila kuaga. Baba akazoea kukanyaga pedeli mara tatu harakaharaka, akasema gari linataka kubembelezwa.

Siku moja lilikataa kubembelezwa, likaingia kwenye shamba la kahawa la jirani. Mama alishuka, akakung'uta kitenge chake, akasema hapandi tena mpaka breki zitengenezwe. Baba akajibu kwamba breki ni nzima, ila barabara ndiyo ina haraka.

Tangu hapo mama akawa anakwenda kanisani kwa miguu, na baba anampita na pikapu akiwa amejaza majirani. Kwetu hilo halihitaji kutangazwa. Mara ikasemwa wazazi wangu hawaongei, mara hawali meza moja, na kwaya ya akina mama ikawa na habari za talaka ambazo sisi wenyewe hatukuwa nazo.

Wazee wa kanisa wakaja kusuluhisha. Nilikuwa nimepanda kutoka mjini, nikapewa kazi ya kumimina chai. Mmoja alisoma Neno, mwingine akamuuliza baba kuna tatizo gani. Baba angeweza kusema breki. Akasema ni mambo ya kawaida ya ndoa. Nilielewa papo hapo kwamba anaona afadhali watu waseme ndoa imemshinda kuliko waseme gari limemshinda.

Wakamgeukia mama. Naye angeweza kumaliza kikao kwa neno moja, lakini kwetu mke hamwaibishi mumewe mbele ya wageni. Akasema hana la kuongeza. Wakamshauri apunguze hasira, ajifunze kunyenyekea, kisha wakamwombea yeye peke yake, kwa kirefu. Baba alikuwa anaangalia chai yake. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilimwaga chupa nzima kwenye sinia.

Wageni walipoondoka, mama aliosha vikombe. Baba alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaniambia nimtafute fundi.

Fundi alitoka Tengeru na jeki moja na maneno mengi. Alipofungua magurudumu ya nyuma tulikuta breki zimelika hadi chuma kinasaga chuma, na springi moja iliyokatika imefungwa kwa mpira wa tairi. Ile kazi ya mpira niliitambua: ilikuwa ya baba. Yeye alieleza kwamba tatizo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Tukabadilisha springi na shokapu, tukaweka breki mpya, fundi akalala chini kutoa upepo kwenye mabomba ya breki huku mimi nakanyaga pedeli.

Majaribio aliyafanya baba mwenyewe, fundi akiwa pembeni yake, mama akiangalia kutoka barabarani. Kwa mazoea baba alikanyaga mara tatu. Gari likasimama mara tatu, na kila mara fundi akagonga kichwa mbele. Mama alicheka mpaka akashika uzio.

Jumapili alipanda, akakaa mbele. Kanisani, wakati wa matangazo, mzee mmoja alisimama kumshukuru Mungu kwa upatanisho, na kwa dada yetu aliyekubali kulegeza moyo. Watu wakageuka kumtazama mama. Yeye akatazama chini.

Baba akasimama bila kuitwa. 

"Mke wangu hakuwa na kosa," alisema. "Gari langu halikuwa na breki. Nilijua, nikanyamaza, mkamwombea yeye."

Mama alisogea kwenye benchi, akampisha nafasi ya kukaa. Baba yangu amekuwa sahihi mara nyingi maishani, na hajachoka kutukumbusha. Sijawahi kumpenda kama siku ile.