Jicho la Min Awuor

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kijijini kwetu karibu na machimbo ya Macalder, mgeni akipiga hodi wakati wa kula tulifunika sahani kwanza, karibu ikafuata baadaye. Tuliogopa sihoho, lile jicho ambalo likikutazama unakula, chakula hukwama na kukukata tumboni. Dani, nyanya yangu, alijiona bingwa wa mambo hayo, na jirani aliyemshuku kuliko wote alikuwa Min Awuor, yaani mama yake Awuor.

Kosa la Min Awuor lilikuwa kuona vizuri. Aliosha mchanga wa dhahabu mtoni kwa karai, na pale wanawake wengine walipoona matope matupu, yeye aliokota chembe. Jicho kali namna hiyo, Dani alisema, haliwezi kuishia kwenye mchanga tu.

Siku moja Min Awuor alikuja kuomba chumvi, akakuta paka wetu ananyonyesha watoto watatu ndani ya kikapu kikuukuu. Walikuwa na umri wa kama mwezi mmoja. Akainama, akawatazama.

"Hawa wawili wamenona," akasema. "Lakini huyu wa kijivu anasukumwa na wenzake. Hashibi."

Ilikuwa kweli, na mimi niliyeshinda nao kutwa sikuwa nimeona. Basi kesho yake asubuhi nikaanza kuiba maziwa ya ng'ombe kwenye kibuyu, nikammiminia wa kijivu kwenye kifuniko, na wenzake hawakungoja kualikwa. Siku ya pili wote walikuwa wanaharisha maji ya manjano, na harufu yake sitaki kuikumbuka. Kufua matambara waliyolalia ilikuwa kazi yangu. Nilifua, nikawahurumia, nikawaongezea maziwa ili wapate nguvu. Siku ya nne wa kijivu akafa.

Dani akasimama mbele ya kikapu. "Nani amewaangalia hawa wakinyonya?"

Nilijua jibu analolitaka. Nilijua pia kwamba habari za kibuyu zingeniletea viboko.

"Min Awuor," nikasema.

Akaitwa, akaja na matope ya mto miguuni. Dani akamwekea bakuli la maji na kumtaka anawe humo, kwani kwa imani yake mwenye jicho ndiye awezaye kuondoa alichokiweka.

"Mama, mimi sijawafanyia kitu," Min Awuor alisema. Akawatazama wale wawili waliobaki, hata kichwa hawakuweza kuinua. Kisha akaniona mimi nikilia. "Lakini leteni hayo maji. Kama mtoto atanyamaza, nitanawa."

Akanawa. Dani akaamuru paka wasionje kitu kingine chochote ila maji yale na maziwa ya mama yao, na kikapu akakihamishia chumbani kwake, nisikokanyaga. Baada ya siku tatu walikuwa wanakimbizana uani.

Hapo ndipo mama wa watu alipokwisha. Angekataa kunawa, labda watu wangebishana. Lakini alinawa na paka wakapona, ubishi wa nini tena? Dani alisimulia mtoni, akasimulia sokoni, akasimulia hata baada ya ibada. Kwenye matanga Min Awuor akawa anapewa sahani yake akale nyuma ya jiko, peke yake. Hakurudi tena kwetu kuomba chumvi. Nami sikuchapwa hata kiboko kimoja.

Siku hizi naishi Suna, nashona sare za shule. Mwaka huu binti yangu aliokota paka wawili mtaroni, akawapa maziwa, na kwa siku tatu nikawa nafua matambara yale yale ya utotoni. Mgongo uliniuma, cherehani iliningoja, na huruma sikuwa nayo tena. Nikawatia kwenye boksi nikaenda agroveti, duka la dawa za mifugo.

"Unawapatia maziwa ya ng'ombe?" dada wa dukani aliuliza kabla sijamaliza kueleza. "Hiyo ndiyo shida, mama. Wacha kabisa. Hawa wameshaanza kula, wapatie maji safi kidogo kidogo na samaki ya kuchemsha, usitie chumvi. Na wakilegea warudishe leo leo, usingoje kesho. Paka mdogo akiharisha anaisha haraka."

Nikakaa kwenye benchi lake na boksi magotini.

Jumapili nikaenda Macalder. Dani alikwisha fariki zamani. Min Awuor yupo, amezeeka, na macho yake yameingia ukungu, hanioni ila kivuli. Nilimwambia yote: kibuyu, kifuniko, na jinsi nilivyolitaja jina lake.

"Kumbe ni maziwa," akasema. "Mimi nilikuja kuamini kwamba ni kweli. Yule wa kijivu nilimtazama sana. Hata wajukuu wangu nawalisha nikiangalia pembeni."

Nilidhani nimekwenda kumwomba msamaha kwa yale ambayo watu waliyaamini juu yake. Kwamba yeye mwenyewe alikuja kuyaamini, hilo sikuwa nimelijua. Nikaomba msamaha hivyo hivyo, nikilia.

"Ulikuwa mtoto, nyathina, mwanangu. Kunywa chai, itapoa."

Akanisukumia kikombe. Kisha, polepole, akageuza kiti chake akaelekea ukutani, ili ninywe kwa amani.

"Mama, geuka," nikamwambia.

"Nimeshazoea," akasema.

Nikainywa chai yote, nikiangalia mgongo wake.